Ziwa Kandambili na Nyumba ya Mama Mkwe

Katika ofisi ya majanga kila mtu alikuwa na dirisha linalotazama maegesho ya magari, isipokuwa mchora ramani. Dirisha lake lilitazama ukuta. Hakulalamika, maana kutwa nzima alikuwa akiitazama milima kutoka juu, mahali ambapo hata ndege huona taabu kufika. Satelaiti ilipita angani ikapiga picha, picha zikaingia kwenye kompyuta yake, naye akazizungushia kingo za maziwa mstari kwa kipanya, polepole, kama fundi anayekata kitambaa cha mteja mkali.

Maziwa yenyewe hayakuwa ya samaki. Yalikuwa maziwa ya barafu. Barafu ya mlimani inapoyeyuka, maji hujikusanya nyuma ya tuta la mawe na udongo ambalo barafu hiyo hiyo ililisukuma zamani, enzi za nguvu zake. Tuta hilo halina saruji wala nondo. Likiachia, ziwa zima hushuka bondeni kwa mkupuo, na halimpigii mtu hodi. Kazi ya mchora ramani ilikuwa kujua ziwa lipi limetulia na lipi linanenepa, na likipasuka, maji yatapita kwa nani.

Ofisini waliyapa maziwa majina kwa maumbo yake. Kulikuwa na Haragwe, Sufuria na Sikio. Na kulikuwa na Kandambili, jembamba katikati, pana mbele, na kisigino cha mviringo. Mchora ramani alipoanza kazi, lilikuwa kandambili la mtoto. Baadaye likawa la mtu mzima. "Kandambili imeongezeka namba," walikuwa wakitaniana asubuhi huku wakimenya mayai.

Kisha mawingu yakatanda milimani, picha zikawa nyeupe tupu kama shuka. Siku yalipofunguka, mchora ramani aliitazama picha mpya, akaliacha yai lake mezani. Kandambili lilikuwa limevimba hadi kisigino chake kimeligusa tuta.

Hakukimbilia kumwambia mtu. Kompyuta haijui kutofautisha maji na kivuli, kwa kuwa vyote ni vyeusi, na yeye alikwishaumwa na nyoka huyo. Mwaka wa nyuma aliripoti ziwa jipya kabisa, mkuu wa ofisi akalitangaza redioni kwa sauti ya huzuni, na jua lilipohama, ziwa nalo likahama. Mkuu hakumsemesha kwa siku kadhaa. Kwa hiyo safari hii alitafuta picha ya rada, ambayo haijali jua wala wingu. Akalinganisha. Yalikuwa maji, tena mengi.

Basi akaiamuru kompyuta iliachie ziwa, ili aone litakakopita. Maji yakashuka makorongoni, yakalikumba daraja, yakavuka soko, yakatandaa uwanja wa shule, kisha yakakunja kona na kuingia moja kwa moja kwenye nyumba moja yenye bati la buluu. Mchora ramani aliijua nyumba hiyo. Alipelekwa pale kutambulishwa kabla ya ndoa, akakalishwa kwenye kochi ambalo plastiki yake haikuwa imetolewa. Ilikuwa nyumba ya mama mkwe wake.

Akarudia. Akapunguza maji. Yakaingia. Akapunguza tena. Yakasita kidogo darajani kama mgeni anayeuliza njia, kisha yakaingia. Kompyuta haikuwa na adabu za ukwe hata chembe.

Sheria ya ramani ilikuwa fupi: penye hatari kubwa panapakwa nyekundu, penye hatari ya wastani njano, penye usalama kijani. Bati la buluu likaangukia katikati ya nyekundu. Hilo peke yake lingevumilika. Lakini ng'ambo ya mto, juu ya kilima, kulikuwa na nyumba nyingine ambayo maji yasingeifikia hata yangepewa ngazi. Hiyo ikawa kijani. Na humo alikaa Shangazi, dada wa marehemu baba mkwe, yaani wifi yake mama mkwe.

Mawifi hao hawakuwa wanasalimiana. Ugomvi wao ulianza kwenye msiba wa marehemu, kuhusu nani alilia zaidi. Shangazi alisema dada ndiye mwenye uchungu wa damu. Mama mkwe akasema kuna watu wanalia kwa koo tu, machoni pakavu. Tangu hapo kila mmoja alikuwa akianika nguo akimpa mwenzake mgongo, ingawa mto mzima ulikuwa katikati yao.

Jioni ile mchora ramani alimkuta mumewe, mwalimu wa hesabu, akisahihisha mitihani sebuleni. Akamweleza kuhusu ziwa na njia ya maji.

"Mama umempaka rangi gani?" mume akauliza.

"Nyekundu."

"Nyekundu kabisa?"

"Hakuna nyekundu nusu."

"Na Shangazi?"

Mke akaanza kuipanga mitihani iliyosahihishwa.

"Usiniambie ni kijani."

"Ni kijani."

Mwalimu akaweka kalamu chini, akajishika kichwa. "Afadhali ungeniambia una mume mwingine." Akafikiri. "Huwezi kumpa hata njano? Njano ya kukoza?"

"Mwanafunzi akikuomba mbili na mbili ziwe tano kwa sababu mama yake ana presha, utampa?"

"Mama yake akiwa mama yangu, nitalitafakari."

"Mume wangu, yale maji yataingia sebuleni kwake. Mimi sipaki rangi, ninasema ukweli tu."

Mwalimu akajua ni kweli, ndiyo maana akakasirika, ndiyo maana usiku huo hakuna aliyemaliza chakula.

Mkutano wa hadhara ukaitishwa kwenye ukumbi wa shule ya mji ule wa bondeni. Mkuu wa ofisi, mtu aliyependa vitu vikubwa, aliagiza ramani ichapishwe kwa ukubwa wa shuka la kitanda. Hakuna aliyeangalia wino. Ramani ilipokunjuliwa ukutani, kijani ilikuwa kijani, njano ilikuwa njano, lakini nyekundu ilikuwa imetoka waridi, laini, ya kupendeza, kama kadi ya harusi.

Watu wa bondeni wakaipenda. "Sisi ndio waridi!" akasema muuza vitunguu, akiwatazama watu wa kilimani kwa majivuno. Mama mkwe alikuwa amekaa safu ya pili, kavaa mtandio wake wa kutokea. Alitafuta bati lake, akalipata katikati ya waridi, akamgonga jirani kwa kiwiko. "Unaona? Mkwe wangu huyo. Anajua kutunza watu wake."

Mchora ramani akasimama. Akaeleza kuhusu barafu, tuta na ziwa. Akaeleza maana ya rangi. Kisha akapiga moyo konde akasema, "Na hii waridi mnayoiona ndiyo nyekundu. Wino ulituishia. Waridi ndiyo hatari kubwa."

Ukumbi ukalipuka. Muuza vitunguu alitaka arudishiwe rangi yake. Fundi cherehani akasema yeye ziwa hilo hajawahi kuliona, na kitu asichokiona hakiwezi kumwona. Katikati ya kelele mama mkwe akainuka, na wengine wote wakajikuta wamekaa.

"Mkwe wangu," akasema, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Mama."

"Nilikupa mwanangu wa kwanza. Nikakupa na vyombo juu yake. Leo unanipaka nyekundu mbele za watu, tena nyekundu yenyewe ya kubana wino! Na yule kule umempaka kijani kama mchicha."

Shangazi, safu ya mbele, alijifunga mtandio wake vizuri bila kugeuka. "Rangi ni majaliwa, wifi."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa wifi yake tangu msiba. Mkuu wa ofisi akafunga mkutano kwa kuwatakia wote mvua njema, jambo ambalo halikumsaidia mtu.

Haikupita wiki, mama mkwe akatokea ofisini. Alikuwa na kikapu, mwavuli, na uso wa mtu aliyekuja kukagua mizani. Mlinzi alimwomba kitambulisho, naye akamwambia kitambulisho chake kimo ndani, kinachora ramani. Akapitishwa.

"Nionyeshe," akasema, akijikalia kwenye kiti cha mkwe wake.

Mchora ramani akafungua picha kali zaidi waliyokuwa nayo. Akaisogeza hadi bati la buluu likajaa kiooni. Mama mkwe akainama.

"Hii ni nyumba yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hiki?"

"Banda la kuku."

"Linapendeza kutoka juu." Akarekebisha mtandio. "Hebu nipeleke ng'ambo ya mto."

Mchora ramani akasita, lakini mkwe hakatai. Akasogeza picha hadi kilimani. Mama mkwe akavuta kiti mbele hadi pua ikakaribia kioo. Alichunguza ua wa Shangazi kipande kwa kipande, kama hakimu mbele ya kielelezo. "Kumbe ameongeza chumba! Na watu anawaambia hana nafasi ya wageni. Hili duara jeusi ni nini? Tangi? Tangi kubwa hivyo la nini, anaogesha tembo?" Mkuu wa ofisi aliitwa kwenye kikao akarudi, mama bado yuko kwenye ua wa wifi yake.

Mwishowe mchora ramani alimwomba, kwa upole, amwonyeshe kitu kimoja tu. Akampangia picha za Kandambili za miaka yote, kuanzia za zamani, akawa anazibadilisha moja baada ya nyingine. Ziwa likawa dogo, likawa la kadiri, likawa kubwa, likagusa tuta. Mama mkwe akataka kuziona tena. Akaziona tena.

"Anayelizuia ni nani?" akauliza, sauti imeshuka.

"Hakuna mtu, Mama. Ni mawe na udongo. Na ndani ya udongo kuna barafu, nayo inayeyuka."

"Lini?"

"Sijui. Hilo siwezi kulijua. Huenda likakaa miaka, huenda likaachia mvua zikija. Mafundi wanapeleka mabomba ya kulipunguza maji, lakini barabara ya kule ni mbaya."

Mchora ramani akarudisha picha ya bonde zima, na mama mkwe akalitazama bati lake la buluu, dogo kama ukucha. "Nyumba ile aliijenga marehemu kwa mikono yake. Ukuta wa jikoni umepinda kwa sababu siku hiyo tuligombana." Akafuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya mtandio, kana kwamba kilikuwa na vumbi. "Sasa unataka niende wapi? Kwenu mmebanana kama njiti kwenye kiberiti."

Mchora ramani alijua jibu, na alijua pia kwamba akilitamka, atakuwa amemkosea mama mkwe mara ya pili. Akanyamaza. Mama mkwe naye alikuwa mtu mzima. Alisikia kile alichonyamaziwa. Akachukua kikapu na mwavuli, akaondoka bila kuaga.

Siku chache baadaye mwalimu akapokea simu kutoka kwa Shangazi.

"Mama yako yuko mlangoni kwangu," Shangazi akasema. "Ana godoro, sanduku, na kuku. Anasema amekuja kukagua kijani."

"Kukagua nini, Shangazi?"

"Kijani. Anasema ofisi ya mkeo imesema hapa ni salama, naye haamini mpaka ahakikishe mwenyewe. Nimemuuliza ukaguzi utachukua muda gani. Anasema mpaka mkaguzi aridhike." Kuku akasikika akilia. "Yule mkeo hajui kusema uongo hata kidogo?"

"Hajui."

"Basi nimfungulie."

Mchora ramani alipoambiwa, alicheka mpaka machozi, kisha yakaendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha.

Ukaguzi ulikuwa mkali. Kila siku mwalimu alipokea simu mbili. Mama aliripoti kwamba chumba cha kijani kina upepo, na Shangazi akaripoti kwamba kuku wa mkaguzi wamemaliza mboga zake. Lakini simu zote mbili zilipigwa kutoka kibaraza kimoja, na mwalimu aliweza kumsikia mmoja akimsahihisha mwenzake anapozungumza.

Mvua zikaja. Milima ikafunikwa, picha za kawaida zikawa shuka jeupe tena. Mchora ramani alibaki na rada tu. Asubuhi moja picha ya rada ikamwonyesha kwamba kipande cha barafu kilichokuwa kikining'inia juu ya Kandambili hakipo tena. Kilikuwa ndani ya ziwa. Na kisigino cha ziwa kilikuwa kimepata mkia mwembamba, mweusi, upande wa pili wa tuta.

Maji yalikuwa yameanza kupita.

Alikimbia hadi kwa mkuu wa ofisi bila kuvaa viatu, maana alikuwa na tabia ya kuvivua chini ya meza. "Ni kivuli?" mkuu akauliza, akikumbuka redio.

"Rada haina kivuli cha jua. Piga king'ora sasa hivi!"

Mkuu alimtazama miguuni, kisha usoni, akanyanyua simu. Hapo, kwa haki, alikuwa mtu wa maana. Hakuuliza swali la pili.

King'ora kilichofungwa bondeni baada ya mkutano kikalia. Watu wengi wakatoka, kwa kuwa walikwishafanya mazoezi ya kupanda kilimani. Lakini king'ora hicho kilikuwa pia kimelia wakati wa majaribio, na kimelia siku kunguru alipokikalia, kwa hiyo wapo waliosikia wakaendelea na shughuli zao. Muuza vitunguu alisema hawezi kuacha mzigo. Fundi cherehani alikuwa na suti ya mtu.

Kilimani, mama mkwe alisimama kibarazani akitazama nani anapanda na nani hapandi. Aliwajua wote. "Wifi, wale wawili hawatatoka," akasema. "Wanangoja kubembelezwa." Na kabla Shangazi hajamshika mtandio, alikuwa ameteremka hadi mwanzo wa daraja. Hakuvuka, hakuwa mwehu. Alisimama pale, akaweka mikono kiunoni, akapaza sauti.

Waliokuwepo wanasema king'ora kilisikika kama mluzi. Alimwita muuza vitunguu kwa jina ambalo mama yake tu alikuwa akimwita, akamwambia kwamba vitunguu vina akili nyingi kuliko yeye. Akamuuliza fundi cherehani kama suti hiyo ni ya kuzikiwa, na kama ni hivyo, amshonee na sanda kabisa, asiwape watu kazi. Akataja nani alikuwa anajificha chumbani, nani alikuwa amerudi kuchukua televisheni, na nani hakuwa na televisheni ila anataka ionekane anayo. Aibu iliwatoa walioshindwa kutolewa na hofu. Walipanda kilima mbio, fundi cherehani na suti begani, nyuma yao mama mkwe akiwahimiza kwa mwavuli.

Kisha bonde likanguruma.

Maji hayakuja kama maji. Yalikuja rangi ya kahawa, mazito, yakibeba mawe makubwa kama magari na kuyagonganisha. Daraja halikupinga. Meza za soko ziliondoka kwa pamoja kama watu waliosikia tangazo. Maji yakatandaa uwanja wa shule, yakakunja kona palepale yalipokunja kwenye kompyuta, na bati la buluu likatikisika, likainama, likaenda.

Mama mkwe alitazama bila kupepesa. Kando yake Shangazi akaangua kilio, kikubwa, cha kutoka tumboni, akitaja jina la kaka yake na ukuta wake wa jikoni.

Mama mkwe akamvumilia kidogo. Halafu akamgeukia. "Wifi, nyamaza. Nyumba ni yangu."

"Kaka ni wangu!"

"Basi mlilie kaka, nyumba niachie."

Wakatazamana. Sijui nani alianza, lakini watu waliokuwa wamejaa kibarazani, wamelowa na wanatetemeka, wakashangaa kuwaona vikongwe wawili wameshikana mabega, wanacheka na kulia kwa zamu, hata haikujulikana nani kazidi.

Hakuna aliyekufa. Walihesabu mara nyingi, kwa kuwa hawakuamini. Mchora ramani na mumewe walifika siku barabara ilipopitika. Alikuwa amejiandaa kwa lawama, lakini mama mkwe alimwita jikoni kwa Shangazi, akamkalisha.

"Mkwe wangu, ulinipaka nyekundu."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Ungenipaka njano ningebaki." Akamsogezea kikombe cha chai. "Kunywa. Umekonda. Mwanangu hakulishi?"

Mji ulijengwa upya upande wa kilimani. Mama mkwe alipewa kiwanja, akakipokea, akapanda mboga, lakini hakujenga. Alisema ukaguzi wake kwa wifi bado haujakamilika. Kandambili lilikauka likabaki dimbwi. Ofisini hawakulitania tena.

Kisha Sikio likaanza kunenepa. Lilikuwa juu ya bonde lingine, la watu wengine wasiomjua mchora ramani wala mama mkwe wake. Mkutano ukaitishwa. Safari hii wino uliangaliwa mapema. Mama mkwe aliposikia, akasema anakwenda kubeba mikoba tu, akapanda gari la ofisi na kukaa mbele, kiti cha mkuu. Mkuu akakaa nyuma na ramani magotini.

Ukumbini mzee mmoja alisimama na kusema kwamba yeye hawezi kuhamishwa na picha iliyopigwa na kitu kisichokuwa na miguu. Wengi wakapiga makofi. Mchora ramani akafungua kinywa kumjibu kuhusu rada, tuta na barafu.

"Baba," akasema mama mkwe kutoka nyuma ya ukumbi, akija taratibu na mwavuli wake, "hebu kaa chini kwanza. Nyumba yako ni ipi hapo? Jirani yako wa kilimani ni nani, na mligombana nini?"

Mzee akakaa. Mchora ramani akaona kwamba mkutano umekwishatoka mikononi mwake, akaweka kipaza sauti mezani, akaenda kutafuta walikoweka chai.